PhD ya fasihi ya Kiingereza: mtu anasomea nini hasa miaka yote hiyo?

Wiki iliyopita kwenye grupu la familia kuna mtu aliweka picha ya binti wa majirani zetu wa zamani kule Tanga, kavaa joho lake huko Uingereza, kamaliza PhD ya fasihi ya Kiingereza. Hongera zikamiminika, alafu baba mdogo akauliza kwa nia nzuri kabisa: "Jamani nieleweshwe, hii PhD ya Kiingereza ndo nini, si Kiingereza tunafundishwa toka shule ya msingi? Miaka minne mtu anasoma hadithi?" Basi kila mtu akaja na lake, mmoja akasema ni kukijua Kiingereza kuwazidi Waingereza wenyewe, mwingine akasema ni kuvimaliza vitabu vyote vya Shakespeare, wa tatu akaileta ile habari ya PhD za heshima wanazopewa wanasiasa na wasanii, mjadala ukahamia huko. Mimi nimepita njia hiyo hiyo, nilimaliza yangu miaka michache iliyopita, nikaanza kumjibu baba mdogo nikajikuta nimejaza skrini tatu na sijafika popote, kwahiyo nimeamua kuliandika vizuri maana najua sio yeye peke yake anayejiuliza.

Tuanze na maneno yenyewe. Fasihi ya Kiingereza ni kazi za sanaa zilizoandikwa kwa Kiingereza: riwaya, tamthilia, mashairi, hadithi fupi, na siku hizi watafiti wanaingiza humo hata barua, shajara na hadithi za magazetini. Anayechunguza lugha yenyewe, sauti zake na sentensi zinavyojengwa, yule ni mtu wa isimu, ni fani nyingine kabisa. Na hilo neno "ya Kiingereza" halimaanishi ya Waingereza. Abdulrazak Gurnah kazaliwa Zanzibar mwaka 1948, anaandika kwa Kiingereza, mwaka 2021 akapewa Nobel ya fasihi, na watu wengi hawajui kwamba maisha yake ya kazi alikuwa mwalimu wa fasihi Chuo Kikuu cha Kent, na PhD yake aliipata hapo hapo Kent mwaka 1982, utafiti wake ulihusu vigezo wanavyotumia wahakiki kuzipima riwaya za Afrika Magharibi. Kwahiyo mtu wa Unguja, kwenye chuo cha Uingereza, anachunguza jinsi watu wanavyozihukumu riwaya za kina Chinua Achebe wa Nigeria, na yote hiyo inaitwa fasihi ya Kiingereza.

Neno la pili ni uzamivu, maana PhD kwa Kiswahili ni shahada ya uzamivu. Mi nalipenda sana hili neno. Mzamivu ni yule mtu wa kuzama baharini, wa lulu, wa kombe, na wa Pwani mtanielewa: anayezama hajaenda kuimaliza bahari, kachagua sehemu moja anayoijua, kashuka chini mpaka pumzi inambana, na anachotakiwa ni kurudi juu na kitu mkononi ambacho waliobaki kwenye mtumbwi walikuwa hawajakiona. Hicho cha mkononi ndo tasnifu. Kwa Uingereza tasnifu ya fasihi inakuwa na maneno kama 80,000 mpaka 100,000, yani kitabu cha kurasa karibu mia tatu, na ndani yake lazima kuwe na hoja mpya, mpya kweli, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuithibitisha.

Sasa hapo kwenye "kuthibitisha" ndo watu wengi wanapopotea. Ukisema utafiti watu wanaona maabara, au mtu anazunguka mitaani na dodoso. Kwenye fasihi maabara yako ni ukurasa, na swali linalokufuata asubuhi mpaka usiku ni moja tu: umejuaje? Umesema mwandishi alikuwa anawaogopa watu wa chini, sawa, umejuaje? Umesema shairi hili linaijibu vita fulani, umejuaje, liliandikwa kabla au baada? Supavaiza wangu, yani mwalimu aliyekuwa anasimamia utafiti wangu, alikuwa anarudisha sura zangu na hilo swali limeandikwa pembeni kwa penseli, kurasa na kurasa, mpaka nikawa nalisikia usingizini.

Nieleze kwa mfano wa nyumbani. Mama kapita barazani kajifunga kanga imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Waliokaa pale kila mmoja ataisoma kivyake. Mmoja atayashika maneno yenyewe: huyo "ndiye" ni nani, ni mume, ni mwizi, ni rafiki, na hilo "kumbe" limewekwa hapo katikati kufanya nini, mbona linaleta mshtuko? Huyo anasoma kwa ukaribu, neno kwa neno. Wa pili atauliza kanga hii ilitoka lini, alinunua mwenyewe au kapewa zawadi, na nani. Huyo ni mtu wa historia. Wa tatu hajali mvaaji alikusudia nini, anaangalia majirani walivyoipokea, nani kanuna, nani kacheka. Wa nne ataenda mbali zaidi, atauliza kwanini mwanamke huyu aseme kwa kanga na sio kwa mdomo, nani kamnyima nafasi ya kusema waziwazi. Hapo umeshaiona nadharia ya uhakiki. Yale majina makubwa ya nadharia yanayowatisha wanafunzi, asilimia kubwa ni namna tofauti za kuuliza juu ya kanga ileile, na mtafiti anatakiwa achague atauliza kwa namna gani, aseme kwanini, alafu alete ushahidi.

Kutokana na hilo kuna dhana moja inaniudhi kidogo, kwamba fasihi ni maoni tu, kila mtu na lake, hakuna kukosea. Kukosea kupo sana. Ngoja tuangalie mstari mmoja tu.

Hamlet, ile tamthilia ya Shakespeare, ilichapwa kwanza mwaka 1603, kijitabu kifupi. Ikachapwa tena, nakala zingine zina mwaka 1604 zingine 1605, safari hii ikiwa ndefu karibu mara mbili. Alafu mwaka 1623, Shakespeare keshafariki miaka saba nyuma, ikaingia kwenye kile kitabu kikubwa chenye tamthilia zake 36. Kwahiyo tuna Hamlet tatu, na hazifanani, na hakuna hata ukurasa mmoja wa Hamlet uliobaki wenye mwandiko wa Shakespeare mwenyewe wa kutuamulia. Sasa mwanzoni kuna sehemu kijana Hamlet kabaki peke yake, baba yake kafa, mama yake kaolewa na ami yake ndani ya miezi miwili, na yeye anatamani nyama ya mwili wake iyeyuke tu ipotee. Ni nyama gani? Kitabu cha 1623 kinasema "solid", nyama ngumu, iliyoshikana. Vile viwili vya kwanza vinasema "sallied", na wahariri wengi wanasema hiyo ni namna tu ya kuandika "sullied", yani iliyochafuliwa.

Ni tofauti ya herufi chache lakini kijana anabadilika kabisa. Kama ni ngumu, anaulalamikia mwili kama mzigo, kama barafu isiyoyeyuka, na inaendana vizuri na hilo neno kuyeyuka. Kama imechafuliwa, basi ndoa ya mama yake imemwingia mpaka mwilini, anajiona mchafu kwa damu aliyozaliwa nayo. Utachagua lipi? Kusema "mi nahisi" hakusaidii. Lakini ukivumilia ukasoma kijitabu kile cha pili mpaka mbele, kuna mahali Polonius, mshauri wa mfalme, anamtuma mtu akamchunguze mwanae, anamwambia ampake mwanae vidoa vidogovidogo vya aibu, na pale kijitabu kimechapa "sallies", wakati kitabu cha 1623 mahali palepale kina "sulleyes", yani madoa. Umeona? Kumbe kwenye kijitabu kile "sall-" iliweza kusimama mahali penye maana ya uchafu, na imetokea zaidi ya mara moja. Hilo halimalizi ubishi, mpaka leo wapo wahariri wanaochapa "solid" na wana sababu zao, ila sasa unabishana ukiwa na kitu mkononi. Mimi siku nilipoonyeshwa hilo darasani ndo nilielewa nimeingia kwenye kazi ya aina gani.

Turudi kwa huyo mwanafunzi. Anaanzaje? Anaanza na mada, na karibu kila mtu anaanza na mada kubwa mno. Tuseme unampenda Joseph Conrad, yule baharia Mpolandi aliyekwenda Kongo mwaka 1890 alafu akaandika ile hadithi maarufu ya mto, Heart of Darkness. Ukisema "nataka kuandika juu ya ukoloni kwa Conrad", supavaiza atakuambia hiyo ni rafu nzima ya maktaba. Tena uwanja wenyewe una historia yake, mwaka 1975 Chinua Achebe alisimama kwenye mhadhara kule Amherst, Marekani, akasema waziwazi kwamba hadithi ile imejengwa juu ya ubaguzi, kwamba Mwafrika mle ndani kanyimwa utu na hata lugha, na tangu siku ile hakuna anayeandika juu ya Conrad bila kumjibu Achebe, awe anakubali au anakataa. Hayo unatakiwa uyajue yote kabla hujafungua mdomo, ndo inaitwa mapitio ya maandiko.

Alafu unapunguza. Hadithi ile haikutoka kama kitabu, ilitoka kwanza kwenye jarida, Blackwood's Magazine, vipande vitatu, Februari mpaka Aprili 1899, na toleo lile la Februari lilikuwa la 1,000 la jarida hilo. Lilikuwa jarida linalosomwa na maafisa, wanajeshi, watu waliokuwa wanaziendesha koloni zenyewe. Sasa unaweza kuuliza: msomaji yule, aliyekuwa na mwezi mzima wa kusubiri kati ya kipande na kipande, aliisoma hadithi hii ikiwa jirani na makala gani, na makala hizo zilimfanya amwone mhusika kama mtu wa aina gani? Hilo ni swali. Lina mwanzo na mwisho, linaweza kujibiwa, na linaweza pia kukukatalia ulichodhani. Jibu utakalokuja kulipata, ukiweza kulisema kwa sentensi mbili, ndo hoja yako, na tasnifu nzima inakuwepo ili kuzibeba sentensi hizo mbili. Kwa wengi wetu kutoka mada kufika kwenye swali la maana kunachukua mwaka mzima, na nyumbani watu wanauliza "umefika ukurasa wa ngapi?" wakati hujaandika hata mmoja utakaobaki.

Utafiti wangu mimi ulikuwa wa hadithi za Afrika kwenye majarida ya Uingereza ya miaka ya 1890, kwahiyo hili la majarida nalijua kwa mikono. Watu wanauliza kwanini usafiri wakati siku hizi kila kitu kimeskaniwa kipo kwenye intaneti. Ngoja niwape sababu moja. Maktaba za zamani zilipokuwa zinayajalidi majarida kuwa vitabu vizito, wajalidi mara nyingi walichana majalada na kurasa za matangazo wakazitupa, ili kupunguza unene. Na kilichoskaniwa mara nyingi ndo hivyo vitabu vilivyojalidiwa. Kwahiyo kwenye kompyuta unaona hadithi imesimama peke yake, safi, kama kitabu kitakatifu. Nakumbuka siku nimeletewa toleo moja ambalo halijawahi kujalidiwa, karatasi yake ya juu imepauka na pembe zimelika, nikalilaza kwenye mto wa sponji, nikaweka ile mikufu ya risasi iliyoshonewa ndani ya kitambaa ili kurasa zisijifunge, nikafunua, na mwisho wa hadithi ya msafara wa kwenda bara nikakuta kurasa za matangazo, mahema ya kusafiria, dawa za homa, makoti ya nchi za joto. Yani msomaji alikuwa anamaliza hadithi ya Afrika na papo hapo anauziwa vifaa vya kwenda Afrika. Nilikaa pale nimeshika penseli (kalamu ya wino haruhusiwi mtu kuingia nayo) sikuandika kitu kwa dakika kadhaa. Sura yangu ya tatu yote ilitoka kwenye kurasa zile.

Na kwa kuwa nimegusia mikono, zile glavu nyeupe mnazoziona kwenye filamu, maktaba nyingi kubwa siku hizi haziruhusu kwa karatasi za kawaida, glavu inakuondolea hisia za vidole unakuja kuchana ukurasa. Unanawa mikono, unaikausha, basi. Glavu ni kwa picha na vitu kama hivyo.

Kuna jambo moja la nyaraka linaniuma na nalisema wazi. Mtu akitaka kuchunguza fasihi ya Afrika Mashariki iliyoandikwa kwa Kiingereza, mfululizo ule wa waandishi wa Afrika ulioanzishwa na kampuni ya Heinemann mwaka 1962 na uliowatoa kina Ngũgĩ, sehemu kubwa ya makabrasha yake, barua, ripoti za waliosoma miswada, ipo mji wa Reading, Uingereza, kwenye hifadhi ya chuo kikuu. Zimetunzwa vizuri, wanaokuhudumia ni watu wema, lakini mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anahitaji viza na tiketi ya ndege ili akasome barua zilizoandikwa na majirani zake.

Dhana nyingine: kila kitu juu ya hawa waandishi wa zamani kishasemwa. Hapana. Maktaba ya umma ya Philadelphia, Marekani, ilikuwa na nakala moja ya kile kitabu cha Shakespeare cha 1623 tangu mwaka 1944, na nakala hiyo imejaa alama na maneno pembeni, kwa mkono wa msomaji wa karne ya 17 asiyejulikana. Mtafiti mmoja, Claire Bourne, akaandika makala ya kina juu ya alama zile. Mwaka 2019 mwenzake wa Cambridge, Jason Scott-Warren, akiisoma makala hiyo na kuangalia picha za mwandiko, akahisi anaujua ule mkono. Akaulinganisha herufi kwa herufi, akatoa hoja kwamba msomaji yule ni John Milton, mshairi mkubwa kuliko karibu wote waliomfuata Shakespeare, na wataalamu wa Milton wakaangalia wakakubaliana naye. Kitabu kilikaa wazi miaka 75, kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka mambo mawili pamoja.

Kwa upande wa taratibu sitakaa sana. Uingereza unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, miaka mitatu mpaka minne, masomo ya darasani ni machache au hayapo, uko wewe na supavaiza mmoja au wawili, baada ya mwaka wa kwanza hivi unapimwa kama unafaa kuendelea. Marekani ni safari ndefu, mitano mpaka saba: kwanza miaka kama miwili ya madarasa, alafu mtihani juu ya orodha ya vitabu vingi kweli, alafu ndo unaanza tasnifu, na katikati ya yote hayo unafundisha, mara nyingi uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Idara nyingi zinataka pia uweze kusoma lugha nyingine mbali na Kiingereza. Oxford wanaiita DPhil, msibabaike, ni kitu kilekile.

Mwisho wa Uingereza ni mahojiano, wenyewe wanaita vaiva. Mlango unafungwa, ndani kuna watahini wawili, mmoja wa chuo chako na mwingine katoka chuo kingine, wote wameisoma tasnifu yako mstari kwa mstari. Wanakuuliza kwa muda wa saa mbili, wakati mwingine tatu. Watu wanadhani ni mahali pa kuonyesha Kiingereza kizuri. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa juu ya tanbihi moja ukurasa wa arobaini na kitu, nilisema toleo fulani lilisomwa sana kwenye koloni, mtahini akaniuliza taratibu, "Umejuaje?" Nilishukuru kila penseli ya supavaiza wangu. Wengi wanapita kwa masharti ya kufanya masahihisho madogo, wachache wanaambiwa warudi wakaandike upya, na wapo wanaokosa kabisa.

Na hapa ndo nimjibu yule wa tatu wa kwenye grupu. PhD ya heshima ni tuzo, chuo kinampa mtu kwa mchango wake kwenye jamii, hakuna tasnifu, hakuna vaiva, na vyuo vingi vinamwomba anayepewa asijiite daktari kwa ajili ya hiyo. Ni heshima halali pale inapotoka kwenye chuo cha kweli, ila kuziweka kapu moja ni kama kumwita rubani mtu aliyepewa medali na shirika la ndege.

Limebaki swali zito kuliko yote, lile ambalo binamu yangu aliliuliza kwa uchungu: sisi Waswahili tunakwenda kuzamia bahari ya wenzetu kwanini? Hili sio swali jipya. Oktoba 1968 pale Nairobi, kwenye chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, iwekwe idara itakayoiweka Afrika katikati, fasihi simulizi, Kiswahili, fasihi za Karibi, na Uingereza ije kama mmoja wa wageni mezani. Idara ikaja kuwa ya Fasihi tu, na mawazo yale yakatikisa vyuo mbali na Nairobi. Ngũgĩ mwenyewe akaja kuacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza akahamia Gĩkũyũ, na bado miaka yake ya mwisho ya kufundisha alikuwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi kule Irvine, California. Mi sioni mgongano hapo. Alikuwa anaidai fani iseme ukweli juu ya yenyewe, na ukitaka kuidai hivyo lazima uijue kwa ndani.

Alafu yapo maswali ambayo sisi tunaweza kuyaona kabla ya wengine. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya mfanyabiashara wa Venisi ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Liangalieni hilo jina. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, kwa Mwalimu ni wengi. Na neno bepari lina asili ya Kihindi, zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini mwaka 1969 ni miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na bepari wa wakati ule sote tunajua alikuwa ni nani. Je Mwalimu alilichukua neno kwa maana ya zamani ama ya Azimio? Na kama ni ya Azimio, wale wengi ni kina nani, Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, peke yake au na wale Wakristo wanaomhukumu? Kuna watu watakujibu haraka haraka kwamba ni siasa tu. Umejuaje? Itabidi mtu asome tafsiri nzima aone neno bepari linatokea wapi na linamwangukia nani, asome hotuba na maandishi ya Mwalimu ya miaka ile, aangalie makamusi ya zamani, atafute kama kuna rasimu. Mtu wa London atahitaji miaka kujifunza Kiswahili cha kutosha kulisikia swali hilo, wewe umelisikia sasa hivi umekaa kwenye daladala.

Mambo ya pesa na kazi niseme bila kuficha. Marekani vyuo vingi vinakusamehe ada na kukupa posho kwa sababu unafundisha, posho ya kuishi kwa kubana. Uingereza ada kwa mgeni ni kubwa sana, bila skolashipu msijaribu, ipo ile ya Commonwealth kwa baadhi ya nchi zetu na vyuo vyenyewe vina za kwao, ila zinagombaniwa. Na nafasi za kufundisha fasihi vyuoni huko zimepungua sana tangu mwaka 2008, wahitimu ni wengi kuliko ajira, wapo wanaoishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Wengine wanakwenda kwenye uhariri, maktaba, uchapishaji, shule, mashirika. Upweke nao upo, kuna wiki nilikuwa naongea na mtu wa kaunta ya maktaba tu.

Baba mdogo nilimtumia yote haya kwa sauti, vipande vipande. Jioni akanipigia, kumbe ana sababu ya kuuliza, binti yake yupo chuo mwaka wa tatu na kaanza kusema anataka njia hiyo. Nikamwambia kwa sasa asihangaike na majina ya vyuo. Atafute kazi moja inayomsumbua, aandike kurasa tano juu ya kitu ambacho hakielewi ndani yake, alafu atafute ni nani duniani kaandika jambo linalokaribia hilo, asome kazi za huyo mtu, ndo amwandikie barua pepe fupi yenye swali. Maombi mengi yenye ufadhili yanafungwa Disemba na Januari, wanataka pendekezo la utafiti na sampuli ya uandishi. Baba mdogo akanyamaza kidogo, alafu nikamsikia anamwita bintiye pembeni, "Njoo uongee na dada yako, anauliza ni kitabu gani kinakusumbua." Akaja kwenye simu na jibu analo tayari.